Hamia, Kisha Ujulikane: Mwongozo kwa Mkazi Mpya wa Dar es Salaam

Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022, wakazi wa Dar es Salaam waliongezeka kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728. Sehemu ya ongezeko hilo ni watoto waliozaliwa humo humo, na sehemu ni watu walioshuka na mizigo yao kutoka mikoani. Anayejiandaa kwa safari hiyo huusiwa mambo mawili: awe na akiba, na awe na ndugu wa kufikia. Wosia huo ni mzuri, ila haumfikishi mbali. Akiba huisha, na ndugu wa Mbagala hawezi kumshuhudia mtu anayeishi Kimara. Hoja ya kijitabu hiki ni kwamba kinachomsimamisha mgeni mjini ni kujulikana pale anapolala, kwa majirani na kwa serikali ya mtaa, na kwamba kazi hiyo haifai kungoja hadi shida ibishe hodi.

Barua ya mtaa ina uzito gani?

Katika miji ya Tanzania, mtaa ndio ngazi ya serikali iliyo karibu zaidi na mlango wako. Una mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na afisa mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri. Ofisi hiyo ndiyo inayotoa barua ya utambulisho, na mambo mengi ya jiji huanzia hapo. Maombi ya kitambulisho cha taifa hupitia mtaani; bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini yako mwenyewe unatuma na kupokea pesa kwa jina la mwingine, ambaye siku mkikosana ndiye mwenye mali. Ndugu akishikiliwa polisi, anayekwenda kumdhamini huulizwa barua ya mtaa anaokaa. Mtendaji asiyewahi kukuona atasita kuandika kwamba anakufahamu, na hana kosa: mhuri wake ni ushahidi. Aliyejitambulisha mapema huomba barua. Aliyechelewa huanza kwa kutafuta wa kumshuhudia, saa ambayo hana muda wa kutafuta.

Wanachokijua majirani

Ujirani nao una elimu isiyoandikwa popote. Dalali hulipwa chumba kinapopata mpangaji, mara nyingi kiasi cha kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo hana faida ya kukutajia kasoro za nyumba. Mwenye nyumba naye hupenda kulipwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Ukizigundua kasoro baada ya kuhamia, fedha zimekwisha kwenda. Chumba cha bei nafuu kilichokuwa kikavu Agosti kinaweza kuingia maji masika yakifika. Bonde la Msimbazi limefurika mara nyingi; baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande, mbali kabisa na walikokuwa wakitafutia riziki. Muuza genge au mama wa nyumba ya pili anajua maji yalifika wapi mwaka jana, maji ya bomba hutoka siku zipi, na wapangaji wa mita moja ya umeme hugombania LUKU kiasi gani. Maswali hayo yaulizwe kabla ya kutoa kodi.

Mbona wengine wanasita?

Wako wanaosema wamekuja mjini kukimbia macho ya watu, na sasa wanaambiwa wajipeleke wenyewe. Kilio chao kina msingi, hasa kwa kijana au mwanamke ambaye kijijini kila hatua yake ilijadiliwa. Lakini kujulikana kunakosemwa hapa kuna mipaka: jina, nyumba unayoishi, shughuli yako na ndugu wa kupigiwa simu. Dini yako, ndoa yako na mfuko wako havihusiki. Tena anayeishi bila kujulikana hapati faragha. Ukitokea wizi, yeye ndiye wa kwanza kutiliwa shaka.

Wengine wana kumbukumbu nzito zaidi. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwakamata watu walioonekana hawana kazi Dar es Salaam na kuwarudisha vijijini. Anayeikumbuka ana haki ya kuogopa orodha za serikali. Hata hivyo, Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Kujitambulisha mtaani hakuombi ruhusa ya kuishi. Kunaweka ushahidi kwamba unaishi hapo, na ushahidi huo humlinda mpangaji pia siku mwenye nyumba anapotaka kumtoa kabla ya kodi yake kwisha.

Pingamizi la mwisho ni kwamba ofisi za mitaa zina urasimu, na anayeomba barua hudaiwa chochote. Ukidaiwa malipo, omba stakabadhi ya serikali. Asiyeweza kuitoa hana haki ya kupokea. Isitoshe, kuikwepa ofisi hakuirekebishi. Orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa huandaliwa mtaani, kando na daftari la kudumu, na kwenye mkutano wa mtaa mwenyekiti huulizwa maswali na wakazi wake. Mgeni asiyejiandikisha anabaki na manung'uniko tu.

Basi katika juma la kwanza, nenda ofisi ya mtaa ukiwa na kitambulisho chochote ulicho nacho na mkataba wa pango, ukisindikizwa na mwenye nyumba au jirani. Bisha hodi nyumba tatu au nne zinazokuzunguka. Chama cha watu wa mkoa wako kitakufaa msibani na harusini, nacho usikiache. Lakini usiku mtoto akizidiwa na homa, atakayeamka kukutafutia bajaji ni jirani wa ukuta mmoja, na ataamka upesi zaidi akikujua jina.