Presha kuka inavuja: nizibe vali?

Swali: Presha kuka yangu inavuja. Fundi hapa Songea anataka kuweka mpira wa tyubu ya baiskeli na kuziba vali ndogo ya kifuniko. Nikubali?

Jibu: Usikubali, hasa hilo la vali. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, maharage yanakawia kuiva, na ndiyo maana chombo kinachofikisha karibu nyuzi 120 kinapendwa. Joto hilo linatokana na mvuke uliobanwa, na ganda la haragwe likiziba tundu kuu la kutolea mvuke, vali ndogo ndiyo njia pekee iliyobaki. Utasema ya jirani imezibwa na haijalipuka: tundu lake kuu halijaziba bado. Tyubu nayo haikutengenezewa chakula. Tafuta mpira wa modeli ileile. Ukiukosa, tumia sufuria.