Ubichi wa Mhusika: Maana na Athari za Kukosa Tajriba katika Rosa Mistika na Utengano

Neno 'mjinga' halikuwa tusi tupu tangu hapo. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 hulieleza kuwa ni mtu aliyewasili karibuni, hasa mtumwa mgeni wa pwani, asiyezijua bado njia za mji. Maana hiyo yafaa kufufuliwa katika uhakiki, kwani hutenga mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya: kukosa akili na kukosa tajriba. Mwenye akili timamu aweza kuwa mjinga wa jambo asilolipitia.

Rosa, mhusika mkuu wa Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, aghalabu huhukumiwa darasani kwa methali moja: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mamaye, Regina, si mzembe. Kinachomwacha Rosa mbichi ni ukali wa babake, Zakaria. Kipigo anachopata kwa ajili ya barua ya Charles kinamfunza kuwaogopa wanaume, si kuwajua; na hofu haina macho ya kupambanua. Anapofika shule ya bweni, hana kipimo cha kutenga mapenzi na ulaghai. Deogratias hahitaji werevu mwingi kumnasa.

Maimuna wa Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, ni mfano mkali zaidi. Maksuudi amemfungia bintiye ndani. Anapotoroka, anaufuata mkono wa kwanza unaomshika, nao unamfikisha danguroni kwa Mama Jeni. Ikumbukwe kwamba Maksuudi mwenyewe ni fasiki. Tajriba anayo tele, ila anawanyima walio nyumbani mwake. Basi ubichi katika riwaya hizi si hali ya umri tu. Hutengenezwa na mwenye mamlaka.

Athari zake, hata hivyo, hazilingani. Maimuna anapewa muda: anaanguka, anadhalilika, hatimaye anapokelewa na Biti Kocho, na aliyoyapitia yanageuka kuwa maarifa. Rosa hapewi. Charles, anayetaka mke bikira, anamkataa, naye anajiua. Wahakiki wanaouona mwisho huo kuwa malipo ya uasherati husahau kwamba Charles huyu ndiye aliyeiandika ile barua.