Mbwa Anaposhindwa Kumeza: Mfupa au Kichaa?

Matatizo ya chakula kwa mbwa kwa kawaida ni kazi ya afisa mifugo. Hata ugonjwa wa parvo, ambao mara nyingi husababisha kuhara damu kwa watoto wa mbwa, haumwambukizi binadamu. Lipo, hata hivyo, tatizo moja linalomhusu mtabibu wa watu.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kama vijijini kwingi, mbwa hulinda mji na mbuzi, naye hulishwa mabaki pamoja na mifupa. Akisusa chakula na kutokwa udenda, hudhaniwa kuwa mfupa umemkwama kooni. Mwenyewe humpanua kinywa na kuingiza vidole kuutafuta.

Huenda mfupa upo. Lakini dalili hizo hizo huletwa na kichaa cha mbwa, hasa kile cha kupooza, ambacho mnyama hawi mkali kama watu wanavyotarajia. Virusi hupanda kwa njia ya neva hadi ubongoni, kisha hushukia tezi za mate. Misuli ya koromeo hupooza, mate hayamezeki, taya la chini hulegea na sauti hubadilika. Aliyekwamwa na mfupa aghalabu huanza ghafla akiwa anakula, na hujipapasa kinywa kwa miguu ya mbele. Tofauti hizi zinamfaa mtaalamu. Mwenye mbwa asiamue kwazo, kwani virusi huweza kuwamo katika mate siku kadhaa kabla ya dalili.

Mtu huyo akifika zahanati huulizwa, "Umeng'atwa?" Hujibu, kwa ukweli kabisa, kwamba hakung'atwa, akarudishwa nyumbani. Naona swali hilo halitoshi. Aulizwe pia kama alimtia mbwa mkono kinywani, na kama mkono ulikuwa na mchubuko. Mate yakigusa jeraha, jicho, pua au mdomo, ahudumiwe kama aliyeng'atwa. Ngozi nzima haipitishi virusi.

Sehemu iliyoguswa ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Jicho lisafishwe kwa maji pekee. Chanjo ianze siku hiyo hiyo, pamoja na immunoglobulini kwa ambaye hajawahi kuchanjwa. Dalili kwa binadamu kwa kawaida huchelewa miezi 2 hadi 3, na zikishaanza, karibu wote hufa.

Mbwa afungiwe peke yake kwa siku 10, chini ya uangalizi wa afisa mifugo. Akiwa mzima mwishoni, mtabibu anaweza kusitisha dozi zilizobaki. Akifa, asichunwe wala asizikwe kabla afisa mifugo hajachukua sampuli ya ubongo.