Kumdai Mahakamani Muuzaji Usiyemwona Uso

Siku hizi biashara nyingi hapa Uganda hufanyika katika simu. Mtu huona picha, huuliza bei, hupeleka fedha, kisha hungoja mzigo uje kwa basi au kwa boda boda. Mara nyingi mzigo huja na wote wawili huridhika. Lakini iko siku ambapo kinachokuja sicho kilichonunuliwa, na hapo watu wengi hukata tamaa wakisema, "Nitampata wapi? Na wakili nitamlipa nini?" Swali la pili ni jepesi, nami nitalijibu kwa maneno machache. La kwanza ndilo zito.

Tangu mwaka 2011 mahakama zetu zina kanuni za madai madogo, yaani madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Katika mashauri hayo wakili haruhusiwi kusema kwa niaba ya mtu. Mdai hujisemea, na mdaiwa hujisemea, naye hakimu huwauliza wote maswali. Madai yenyewe ni ya madeni, bidhaa, kodi ya nyumba na mengine ya namna hiyo. Si ya ndoa, wala si ya kuidai Serikali. Basi habari ya wakili imekwisha.

Sasa tumtafute muuzaji. Mahakama huita mtu. Haiiti picha, wala namba ya simu, wala jina la duka lililopambwa kwa rangi. Karani atakuuliza jina la mdaiwa na mahali anapopatikana, kwa sababu hati ya kumwita lazima imfikie. Ukikosa majibu hayo mawili, dai lako litabaki mezani hata kama haki yote ni yako.

Nitatoa mfano wangu. Mwanzoni mwa Machi 2023 nilimnunulia dada yangu mdogo cherehani cha umeme kwa shilingi 900,000. Alikuwa amemaliza mafunzo ya kushona, na shule moja ilikuwa imemwahidi kazi ya sare. Chini ya picha muuzaji aliandika: kipya kabisa. Kilichofika kilikuwa kikuukuu kilichopakwa rangi, na mota yake haikuzunguka hata kidogo. Nilipompigia akasema atamtuma fundi. Siku ya tatu akaizuia namba yangu, na dada akawa anaazima cherehani cha jirani usiku, mwenyewe akiwa amelala.

Nilikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza, ule ujumbe wa simu baada ya kupeleka fedha: una jina la mtu aliyeandikisha namba ile, nalo si jina la duka. Cha pili, stakabadhi ya basi iliyokuja na mzigo, yenye jina la aliyeupeleka. Cha tatu, daftari la biashara. Ofisi ya uandikishaji, URSB, hutafuta jina la biashara kwa ada, na hukuambia nani aliyeliandikisha. Mahali pote patatu nilikuta jina la mtu mmoja, na katika daftari nikapata mtaa wake Kampala. Nilikwenda nikamwona kwa macho yangu akiuza vyombo katika chumba kidogo. Sikugombana naye. Nilinunua soda duka la pili nikarudi.

Kabla ya kufungua dai lazima umpe mdaiwa barua ya kumtaka alipe, na kumngoja siku 14. Karani ana fomu yake. Yangu ilikuwa kwa Kiingereza, lakini maneno yake ni haya: "Tarehe 6 Machi 2023 nilikulipa shilingi 900,000 ili uniletee cherehani kipya cha umeme. Tarehe 9 Machi nilipokea kikuukuu ambacho mota yake haifanyi kazi. Nakutaka unirudishie fedha zote katika siku 14, nawe uchukue cherehani chako. Usipofanya hivyo nitafungua dai mahakamani." Tazama kwamba hamna tusi wala neno "mwizi". Barua hiyo hiyo itasomwa na hakimu, naye hana haja ya hasira yako. Nilimpelekea nikiwa na rafiki. Alipokataa kutia sahihi, rafiki aliandika katika nakala yangu siku na saa aliyokabidhiwa.

Siku 14 zikapita kimya, nikafungua dai huko Kampala anakokaa.

Juu ya ushahidi, wengi hudhani maneno ya simu si maandishi. Sheria ya mwaka 2011 ya mapatano ya kielektroniki inasema habari haiwezi kukataliwa kwa sababu tu iko katika umbo hilo. Lakini chapisha mazungumzo yote, tangu salamu hata mwisho, namba na tarehe zikionekana. Ukichagua mistari inayokufaa tu, mwenzako atauliza mingine iko wapi. Na simu yenyewe uje nayo.

Mdaiwa wangu alisema aliniambia kwa mdomo kwamba ni kikuukuu. Hakimu akamwonyesha maneno yake mwenyewe chini ya picha. Hapa pana jambo kubwa: sikutakiwa kuthibitisha kwamba alikusudia kunidanganya. Sheria ya mauzo ya mwaka 2017 yataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake, na cherehani kilikuwa pale mbele yetu. Kama muuzaji ametumia majina ya uongo, akala fedha na kutoweka, hiyo ni kazi ya polisi kwanza.

Dada alitaka tudai pia faida ya zile sare, maana shule haikungoja, ikampa mtu mwingine. Ahadi ile ilikuwa ya mdomo tu, hatukuwa na karatasi ya kuonyesha, nikaliacha jambo hilo. Hata leo hajapendezwa nami kwa hilo.

Hakimu aliamuru nirudishiwe fedha zangu na nauli ya mzigo, kwa mafungu matatu kama mdaiwa alivyoomba. Fungu la kwanza alilipa kwa siku yake, la pili kwa kuchelewa, la tatu hakulipa. Hukumu si fedha mkononi, wala mahakama haikufuatii deni usipoomba. Nilirudi kwa karani kuomba hukumu itekelezwe, na dalali wa mahakama akatumwa kukamata mali. Alipoanza kuandika orodha ya vyombo vilivyomo katika kile chumba, fungu la tatu liliingia katika simu yangu kabla hajafika rafu ya pili.