SOMO LA MWEZI: MAHEKALU YA WAYUNANI NA MAPANGO YA KOLO



Vijana wa parishi yetu walipotangaza kwamba wanataka kwenda Kolo, wilayani Kondoa, kuiona michoro ya kale, mama mmoja mzee tunayemheshimu sana alisimama akauliza, "Je, ni halali Mkristo kukanyaga mahali pa matambiko?" Baadhi ya watu walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali hilo ni la zamani kuliko Kanisa letu la hapa Ugogo, nalo lastahili kujibiwa kwa makini. Basi katika somo hili tutasafiri kidogo pamoja na Mtume Paulo, kisha tutarudi nyumbani. Ni vema kulisoma ukiwa na Biblia mkononi.

Paulo katikati ya mahekalu

Tuanzie Athene, katika Matendo ya Mitume sura ya 17. Juu ya kilima cha mji ule lilisimama hekalu la mungu wa kike Athena, liitwalo Parthenon, lililojengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo. Paulo alipofika, lilikuwa na umri wa karibu miaka 500. Tusidhani lilikuwa kama kanisa. Hekalu la Kiyunani lilikuwa nyumba ya sanamu, si nyumba ya mkutano. Watu walisimama nje penye madhabahu, na sadaka zilichinjwa huko huko nje.

Moyo wa Paulo uliumia kwa ajili ya sanamu zile. Hata hivyo hakufumba macho. Alizunguka mjini, akatazama vizuri, hata akaiona madhabahu ya Mungu asiyejulikana, na hapo ndipo alipoanzia mahubiri yake. Hakutupa jiwe, wala hakutoa sadaka.

Kutoka Athene alikwenda Korintho, akakaa mwaka mmoja na nusu. Huko kulikuwa na hekalu la Apolo, ambalo tayari lilikuwa na umri wa miaka 600 hivi. Nguzo zake saba zimesimama hata leo, kila moja imechongwa katika jiwe moja. Wakristo wa Korintho walisumbuliwa na swali linalofanana na la mama yetu: je, tule nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu? Jibu la Paulo tunalipata katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 hadi ya 10. Kwa ufupi anasema kwamba sanamu si kitu. Lakini tusishiriki meza yake, wala tusiijeruhi dhamiri ya ndugu aliye dhaifu.

Efeso kulikuwa na hekalu la Artemi, moja ya maajabu saba ya dunia ya kale. Mafundi wa fedha walioishi kwa biashara ya hekalu lile walizusha ghasia juu ya Paulo, kama tunavyosoma katika Matendo sura ya 19. Leo mahali pale, katika nchi ya Uturuki, imesimama nguzo moja tu, nayo imeunganishwa kwa vipande vipande.

Mwisho, Paulo akiwa njiani kwenda Rumi alikaa Sirakusa siku tatu. Mjini humo palikuwa na hekalu jingine la Athena. Wakristo wa baadaye walijenga kuta katikati ya nguzo zake wakalifanya kanisa, na hata leo ndilo kanisa kuu la mji huo. Asaliye humo huziona nguzo za Wayunani ukutani.

Nayo Parthenon ilipatwa na nini? Nayo iligeuzwa kanisa, kisha msikiti. Mwaka 1687 Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani yake, na jeshi la Venice likapiga mizinga. Hekalu lililodumu zaidi ya miaka 2,000 lilipasuka kwa siku moja. Tuangalie jambo hili: walioliharibu hawakuwa na ugomvi na hekalu. Walikuwa na shughuli nyingine tu.

Turudi Kolo

Ni wachache kati yetu watakaofika Athene au Sirakusa, lakini Kolo ni karibu. Iko kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Arusha, kaskazini ya mji wa Kondoa. Katika vilima vile kuna mapango na miamba mingi yenye michoro, na watu wamechora humo kwa muda wa miaka 2,000 au zaidi. Michoro ya rangi nyekundu ni kazi ya wawindaji wa kale: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Ile ya rangi nyeupe ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Mwaka 1951 Mama Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili, na mwaka 2006 Umoja wa Mataifa, kwa njia ya UNESCO, uliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Yule mama hakukosea. Katika baadhi ya mapango hayo, kama Mongomi wa Kolo, wenyeji wameendelea kufanya matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Kolo, basi, hakufanani na Efeso penye nguzo moja iliyobaki. Kunafanana na Athene ya siku za Paulo.

Kosa letu

Hapa yatupasa kuungama. Mwaka 1988, tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, tuliwapeleka wanachuo Kolo kwa lori. Tulifika tumejaa vumbi na furaha. Mwanachuo mmoja alimwagia maji twiga mwekundu ili rangi ing'ae apate kupiga picha. Iling'aa kweli. Tukamruhusu wa pili, na wa tatu. Mzee wa kijiji aliyetuongoza alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, nikija kanisani kwenu, nimwage maji ukutani?"

Hatukuwa na jibu. Baadaye tulijifunza kwamba maji huvuta chumvi kutoka ndani ya mwamba, na chumvi hiyo huibandua rangi. Tulikuwa Wakristo waliokwenda kutazama, hatukushiriki tambiko lolote, na bado tuliharibu. Hatukumchukia twiga yule. Tulitaka picha tu, kama vile watu wa mwaka 1687 walivyotaka ushindi tu. Hali kadhalika wapo watu wachimbao mapangoni wakitafuta mali inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Michoro iliyovumilia jua na mvua miaka mamia haivumilii jembe.

Tujibu nini basi?

Kwanza, Mkristo aweza kwenda. Paulo alitazama bila hofu, na tujue kwamba waliochora ni watu walioumbwa na Mungu yule yule, waliomtafuta kwa kupapasa.

Pili, asishiriki wala asidharau. Tukikuta watu katika tambiko, tungoje mbali, tusiwapige picha. Tusiguse ukuta, tusimwage maji, tusiandike majina yetu, na tumfuate mwongozaji.

Tatu, ambaye dhamiri yake inamkataza asilazimishwe, wala asichekwe. Waliomcheka mama yetu waliyavunja maneno ya Paulo kuliko angeyavunja mtu aliyepanda mlima wa Kolo. Wamwendee wakamwombe radhi.

Mama mwenyewe tumemwendea nyumbani kwake. Amesikiliza yote, akasema, "Mwalimu, nimeelewa, lakini mimi siendi." Kisha akaongeza kwamba siku ya safari atawaombea vijana, na kwamba wakirudi wamwambie waliyoyaona. Tumeona hilo ni jibu la Mkristo mkomavu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Paulo alianza mahubiri yake Athene kwa kitu alichokiona huko?
2. Watu wa Sirakusa waligeuza hekalu kuwa kanisa. Je, walihifadhi au waliharibu? Toeni sababu.
3. Hapa kijijini au mtaani kwenu kuna mahali gani wazee walipoombea mvua? Nani anapatunza leo?
4. Je, tumewahi kumcheka mtu kwa sababu ya dhamiri yake? Tumtengenezeeje?