Kumsindikiza Agni: namna ya kuisikiliza opera ya Kopernikus

Wengi wanaoijaribu Kopernikus huiacha kabla ya dakika ya kumi, na sababu huwa ile ile: wamekaa kusubiri kisa. Wanamtafuta shujaa na adui, penzi linaloharibika, kisu cha mwisho, yale yote ambayo opera za zamani zimewazoesha watu. Badala yake wanakuta waimbaji saba wakitamka maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote, sita wakiwa wamemzunguka wa saba, mwanamke ambaye hana shughuli nyingine jukwaani isipokuwa kufa. Naipenda sana kazi hii, na inaniuma kuona mtu akiikosa kwa sababu ndogo kama hiyo. Ndiyo maana naeleza hapa njia ya kuiingia, hasa kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuketi mbele ya opera yoyote.

Mtunzi ni Claude Vivier, Mkanada aliyezaliwa Montréal mwaka 1948, na kazi yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika mji huo huo Mei 1980. Aliiita opera, kisha akaongeza maelezo kwamba ni ibada ya kifo. Ina sehemu mbili, nazo huchukua kama dakika 70. Wapigaji wa ala ni wachache kiasi cha kutosha katika jukwaa dogo: klarineti, obo, tarumbeta, tromboni, fidla, kengele na upatu, pamoja na sauti zilizorekodiwa kabla. Anayekufa ni Agni, aliyepewa jina la mungu wa moto wa Wahindu. Viumbe wa historia na wa ndoto wanamjia, wanampokea, wanamwongoza, na yeye anazidi kutakasika mpaka anabaki roho tupu. Vivier mwenyewe alieleza wazi kwamba hakuna kisa zaidi ya hicho.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kubadilisha ni kazi unayojipa unapokaa kusikiliza. Fikiria umekwenda kuzika kwa watu ambao lugha yao huijui. Humwombi jirani yako akutafsirie kila wimbo. Unakaa mkekani, unaangalia nani anasimama na nani anaitikia, unasikia sauti zinapopanda na zinaposhuka, na moyoni unajua kabisa kinachoendelea. Umekuja kusindikiza. Kaa na Kopernikus hivyo hivyo. Agni anaondoka, nawe ni mmoja wa waliohudhuria. Kuelewa kila neno si sharti la kuhudhuria.

Maandalizi yapo, na ni mepesi. Siku chache kabla, sikiliza Lonely Child, kazi nyingine ya Vivier ya mwaka 1980, ya sauti moja ya kike na okestra, kama dakika 20 hivi. Itakuzoesha mwendo wake: noti ndefu zisizo na haraka, melodia moja inayobebwa na ala zote kwa pamoja, na sauti ya shaba inayokatiza kimya. Ukiipenda hiyo, Kopernikus haitakutisha. Usipoipenda, isikilize tena kesho yake kabla ya kukata shauri, maana muziki huu huingia kwa kurudiwa.

Halafu chukua karatasi uandike majina ya wanaomjia Agni. Yupo Lewis Carroll, mwandishi wa kisa cha Alice, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanacho tangu mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Yupo Merlin, mchawi wa hekaya za Uingereza, na Malkia wa Usiku aliyetoka katika opera ya Mozart ya mwaka 1791. Mozart naye yumo, mtu aliyefariki mwaka huo huo akiwa hajamaliza misa yake ya wafu. Wapo Tristan na Isolde, wapenzi wa hadithi za kale ambao kifo ndicho kiliwaunganisha. Na yupo Copernicus, pamoja na mama yake. Copernicus ni mwanafalaki wa Poland aliyeiondoa dunia katikati ya ulimwengu na kuliweka jua mahali pake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1543, mwaka aliofariki. Karatasi hiyo si ya mtihani. Faida yake ni kwamba jina likitajwa usibabaike, uliache lipite kama unavyomwacha mgeni wa heshima apite kwenda kukaa mbele.

Upande wa vifaa, nina ushauri mmoja ninaousisitiza: pakua rekodi nzima kabla ya kuanza. Bando likikatika dakika ya 40, au tangazo la biashara likikurupuka katikati ya kimya, ibada imevunjika, na ukiendelea kutoka pale hutakuwa tena mahali ulipokuwa. Tumia hedifoni au spika yenye sauti nzito inayosikika, kwa sababu spika ya simu huimeza mivumo ya shaba, nayo ni nusu ya kazi. Zima taa. Usipike wala usipige pasi huku unasikiliza. Ziko kazi nyingi za muziki zinazovumilia hayo, hii haimo.

Sasa kusikiliza kwenyewe. Mara ya kwanza usishike libreto, yaani maandishi yanayoimbwa. Mtafute Agni kwa sikio. Sauti yake ni ya kike ya chini, nzito, na ukishaitambua unaweza kuishika katikati ya sauti nyingine sita na kuifuata mpaka mwisho. Kila unapopotea, rudi kwake. Angalia wengine wanamfanyia nini: wanamwita, wanamzunguka, wanaitikia alichoanza, wanamwacha peke yake kidogo kisha wanamrudia. Huko ndiko kuliko tendo la opera hii.

Maneno ndiyo yanayowasumbua watu zaidi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Vivier alizoea kubuni lugha yake mwenyewe, silabi alizoziunga bila maana ya kutafsirika, na alizitumia katika kazi zake nyingi. Katika Kopernikus zinachanganyika na Kifaransa. Msikilizaji wa Bukavu au Bujumbura anayekijua Kifaransa atadaka sentensi nzima nzima, kisha ghafla hatadaka kitu, na anaweza kudhani kwamba ni masikio yake au ni ubovu wa rekodi. Asihangaike. Mahali kama hapo, fuata irabu. Sikia a inavyofunguka, u inavyoiziba sauti, i inavyoichonga iwe nyembamba. Kwa mwimbaji yeyote irabu ndiyo inayobeba rangi ya sauti, na Vivier, akishajivua mzigo wa maana, anaipaka rangi hiyo kwa uhuru mkubwa. Utasikia pia waimbaji wakipiga kiganja mbele ya mdomo ili sauti itetemeke, mchezo ambao watoto wanaucheza wenyewe bila kufundishwa. Usiuone kuwa ni vituko. Mtu huyu alitaka aliyekufa apokelewe na vitu vya utotoni, na mimi naona hapo ndipo alipofika mbali kuliko watunzi wengi waliojaribu kuandika kuhusu akhera.

Halafu sikiliza shaba. Vivier alisoma kwa Karlheinz Stockhausen mjini Cologne, lakini mwaka 1976 na 1977 alisafiri Asia, akafika Japani, Bali na Iran, na alirudi na masikio mengine. Huko Bali maiti huchomwa kwa maandamano makubwa, muziki wa shaba na umati wa watu, na huzuni haifukuzi shangwe. Nikiisikia Kopernikus nasikia ruhusa hiyo hiyo. Upatu au kengele ikilia, pumua, tulia, jiandae. Mara nyingi kuna lango limevukwa na kipande kingine kinaanza.

Mawazo yatatoroka. Kwa dakika 70 hakuna ambaye hatatorokwa. Usirudishe rekodi nyuma kutafuta ulichokosa, maana utajigeuza mkaguzi. Ungana nao pale walipofika.

Mara ya pili, siku nyingine, shika maandishi. Ukipata tafsiri ya Kifaransa chake, isome yote kabla ya kubonyeza kitufe, kisha iweke kando na uitazame pale tu unapotaka. Mara hii utashangaa jinsi kulivyo na upole mwingi katika maneno yanayoeleweka: watu wanamwahidi Agni mambo mazuri, wanamwonyesha nyota, wanamwambia asiogope.

Kuna jambo la maisha ya Vivier ambalo utakutana nalo ukitafuta habari zake, nami naona heri ulisikie hapa ili lisikuvizie. Aliuawa nyumbani kwake Paris mwezi Machi 1983, akiwa na miaka 34, na kijana ambaye alikuwa amemkaribisha. Alikuwa anaandika kazi inayouliza kama tunaamini roho haifi, na ndani yake msimulizi anachomwa kisu na kijana aliyekutana naye katika treni ya chini ya ardhi. Ni habari ya kutisha, na imewafanya watu waisikilize kila noti yake kana kwamba ni utabiri. Usiifanyie hivyo Kopernikus. Aliimaliza miaka kadhaa kabla, akiwa kijana mwenye safari nyingi mbele yake, mtoto wa kulelewa ambaye hakuwajua wazazi waliomzaa, aliyewahi kusoma kwa mabruda wa Kikatoliki wakamtoa. Kama unataka ufunguo katika maisha yake, chukua huo wa malezi yake. Yatima ameandika mahali ambapo anayefika hupokelewa na umati.

Msikilizaji mwenye dini yake, na wengi wetu tunazo, atauliza kama kazi hii inapingana na imani. Humo hakuna hukumu, hakuna mizani, hakuna malaika wa maswali kaburini, hakuna moto wa adhabu wala pepo yenye mito. Haifundishi akhera mpya. Inaonyesha safari ya mtu mmoja kama mtunzi mmoja alivyoiota. Ukiisikiliza ukitafuta mafundisho utakasirika bure. Ukiisikiliza kama unavyomsikiliza jirani wa dini nyingine akieleza anavyomwombea marehemu wake, utakuwa umeipa haki yake na imani yako itakuwa pale pale.

Na kama umezika mtu wako miezi ya karibuni, tafadhali usiisikilize peke yako usiku. Sisemi usiisikilize. Yapo maombolezo ambayo muziki huu unayafungua vizuri, hasa kwa aliyemkosa mtu bila kupata nafasi ya kumuaga. Lakini kaa na mtu mnayeelewana, mchana au jioni mapema, na mkubaliane kabla kwamba yeyote anaweza kusema tuzime, na pakazimwa bila maelezo.

Baada ya kuisikiliza mara mbili ndipo uitazame. Kuna onyesho la Amsterdam lililoongozwa jukwaani na Pierre Audi, muziki ukiongozwa na Reinbert de Leeuw, linalopatikana katika DVD iitwayo Rêves d'un Marco Polo. Humo imo pia Lonely Child, hivyo unapata mambo mawili kwa mkupuo. Mwaka 2018 Peter Sellars aliionyesha Paris na kikundi cha waimbaji wa Marekani kiitwacho Roomful of Teeth, maiti ikiwa imelazwa jukwaani na waimbaji kuizunguka wakiwa wamevaa nyeupe. Mkitazama mkiwa kikundi, kwenye projekta katika ukumbi wa shule au sebuleni, msianze mazungumzo kwa kuulizana ilimaanisha nini. Ulizaneni Agni alikuwa wapi: katika mwili, katika sauti, au katikati ya waliomzunguka? Swali hilo hujibiwa kwa kutaja kitu mtu alichokiona au kukisikia, na anayeona haya kuzungumzia opera hupata pa kuanzia. Acheni kimya kidogo kabla ya kuwasha taa; mwenye nyumba aelezwe mapema asije akaleta chai dakika hiyo.

Atakayetaka kuendelea na opera nyingine za kifo, amsikilize kwanza Michel van der Aa, Mholanzi, katika After Life ya mwaka 2006. Imetokana na filamu ya Hirokazu Kore-eda ya mwaka 1998: waliokufa wanafika kituoni na kila mmoja anatakiwa kuchagua kumbukumbu moja ya kwenda nayo milele. Kisa chake kinashikika, na video zimechanganywa na waimbaji. Death and the Powers ya Tod Machover, iliyoonyeshwa Monte Carlo mwaka 2010, iwekwe baadaye. Hiyo ina roboti jukwaani na tajiri anayekataa kufa, anayejihamishia ndani ya mitambo ya nyumba yake. Ni kazi ya akili nyingi, lakini ukianza nayo macho yatashughulika na mitambo na masikio yatalala. Ukiifikia ukiwa umetoka kwa Agni, utasikia vizuri zaidi familia ya tajiri yule inavyomwita, na jinsi anavyowajibu kutoka ukutani.