Jua Haki Zako: Kipupwe, Umande na Dhamana ya Mwajiri

Uingiapo mwezi wa Juni, upepo wa kusi ukivuma, wakazi wa Tanga mjini huona raha ya kipupwe baada ya joto la kaskazi. Walakini huko juu katika milima ya Usambara, Lushoto na Bumbuli na Amani, majira hayohayo huwa ya ukungu na manyunyu, na wachumaji chai hutoka alfajiri na vikapu mgongoni kuingia mashambani, hata kabla jua halijapata nguvu nguo zao zimekwisha kuroa kwa umande toka kiunoni hadi nyayoni. Huku pwani nako mlinzi wa ghala hukesha akipigwa na upepo wa bahari, na mfanyakazi wa kiwanda cha samaki au cha maziwa huingia na kutoka katika chumba cha barafu mwaka mzima. Hawa wote nataka wajue kwamba baridi ya kazini si kudra ya kuvumiliwa wala si mtihani wa ushujaa, bali ni hatari ya kazi sawa na hatari ya mashine, na dhamana ya kuizuia sheria imeiweka juu ya mwajiri.

Wala mtu asidhani kwamba baridi hudhuru penye theluji tu. Mwili ulioroa ukapigwa na upepo hupoteza joto upesi mno, hata mahali ambapo maji hayagandi. Vidole hufa ganzi, kisu huponyoka, mguu huteleza kwenye mteremko, na mtu aliyekuwa akitetemeka akianza kusema maneno yasiyoeleweka na kupepesuka, huyo yu hatarini. Avuliwe nguo mbichi, afunikwe kwa nguo kavu, anyweshwe kinywaji cha moto chenye sukari maadamu ana fahamu zake, asipewe pombe, kisha apelekwe hospitali bila kukawia.

Sheria yasemaje

Zamani, chini ya Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, jicho la serikali lilielekea zaidi kiwandani, kwenye mashine na boila, ilhali mchumaji aliyekuwa shambani akinyeshewa hakuwa na ulinzi wa namna hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza, imepanua ulinzi huo hata ukafika kila mahali pa kazi, na shamba nalo limo. Kwa sheria hiyo mwajiri anawajibika kuzitambua hatari za kazi yake na kuzipunguza kwa kadiri inavyowezekana, kuwafundisha watu wake hadhari, na kuwapa vifaa kinga vinavyofaa. Na kwa mchumaji wa Usambara vifaa hivyo ni koti la mvua, aproni isiyopitisha maji na gambuti zisizovuja, na kwa mtu wa chumba cha barafu ni koti zito na glovu. Aidha yapasa pawe na maji safi ya kunywa, mahali pa kunawia, mahali pa kuwekea nguo zisizovaliwa wakati wa kazi, na sanduku la huduma ya kwanza. Msimamizi wa sheria hii ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ambao wakaguzi wake wana mamlaka ya kuingia, kukagua na kumwamuru mwajiri arekebishe kasoro.

Wako waajiri wanaotoa koti kisha wakalikata katika ujira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, hairuhusu makato ila yale yaliyoidhinishwa na sheria, na mkataba wa pamoja au na amri ya mahakama, au deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi likatwe. Basi usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake: avae alichopewa, na atoe taarifa ya hatari aionayo. Kadhalika mlinzi asifunge mlango wa kibanda cha lindo na jiko la mkaa likiwaka ndani, kwa kuwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imeua wengi usingizini; na mwajiri asiyempa mlinzi wake koti na kibanda kinachozuia upepo ndiye anayemsukuma kwenye mauti hayo.

Kibarua naye ana haki

Aghalabu mtu anayelipwa kwa kilo za majani huambiwa kwamba yeye ni kibarua tu, hana sheria. Si kweli. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: kwamba saa zake za kazi zaongozwa na mwenye kazi, au kwamba amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, au kwamba zana za kazi amepewa na mwenye kazi huyo.

Ukiugua au ukiumia

Mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 ya utumishi, akiugua, anastahiki likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara, maadamu analeta cheti cha daktari. Na ikiwa jeraha au maradhi yametokana na kazi yenyewe, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015, ambao michango yake hulipwa na mwajiri peke yake. Mwajiri hutakiwa kuupelekea Mfuko taarifa ya ajali ndani ya siku 7, nawe usikae kimya hata miezi 12 ikapita, haki yako isije ikazimika. Mwambie daktari kazi uifanyayo na jinsi ulivyopatwa, ayaandike. Mali bila daftari huisha bila habari, na madai nayo ni vivyo hivyo: weka tarehe, majina ya mashahidi, na nakala ya kila cheti.

Ukifukuzwa kwa kudai

Kumfukuza mtu kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria, au ametoa taarifa anayoruhusiwa kuitoa, au ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, si sababu halali. Aliyefukuzwa hivyo, akiwa ametumikia miezi 6 au zaidi, apeleke lalamiko lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1 ya Tume, ndani ya siku 30 tangu kufukuzwa. Akichelewa, itambidi kwanza aombe kuongezewa muda na kueleza sababu ya msingi.

Walakini fidia, hata ikilipwa yote, haimrudishii mtu afya yake. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kila ufikapo mwezi wa Mei wafanyakazi wakutane, pamoja na mwakilishi wao wa usalama au na chama chao, kama vile TPAWU kwa watu wa mashambani, wamwandikie mwajiri barua ya heshima yenye kutaja makoti, gambuti na mahali pa kukaushia nguo, wabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na akipuuza waipeleke nakala hiyo OSHA kabla ya kipupwe kuingia.